Q mkononi, U haionekani

SWALI

Ndugu Mshauri,

Tuko wanne ofisini, na kila Ijumaa jioni hukutana hapa Mombasa kucheza Scrabble ya Kiingereza, ule mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi. Lugha yenyewe hainisumbui sana, kwani ripoti zangu zote za kazi naziandika kwa Kiingereza. Kinachonisumbua ni kigae kimoja tu, Q. Kikiniangukia nakaa nacho nikingoja U, U haiji, na mchezo unaisha kingali kwenye kibao changu. Nakatwa pointi 10, na aliyemaliza anaongezewa hizo hizo.

Ijumaa iliyopita mwenzetu aliweka WAQF. Nikapinga, nikisema hilo ni Kiarabu na sisi tunacheza Kiingereza. Tukafungua orodha kwenye simu, neno limo, nikapoteza pointi 5 za kupinga ovyo. Baadaye mwingine akaweka IRAQ, sote tukanyamaza. Baada ya WAQF, nani tena angethubutu kupinga?

Shuleni tulifundishwa kwamba Q na U haziachani. Naomba unieleze: haya maneno ya Q bila U ni Kiingereza kweli? Yapi nianze nayo, na yana maana gani? Niliwahi kuchapisha orodha ndefu nikaikariri, lakini siku ya mchezo sikukumbuka hata moja, nadhani kwa sababu yalikuwa herufi tupu kichwani. Na je, kuna wakati ni afadhali kuirudisha Q mfukoni na kupoteza zamu?

Msomaji, Mombasa

JIBU

Ndugu Msomaji,

Mwenzenu wa WAQF alikuwa sahihi. Wa IRAQ aliwapita kwa ujasiri tu. IRAQ ni jina la nchi, na majina ya pekee hayaruhusiwi ubaoni. QATAR ni vilevile. Mngepinga, angeondoa vigae vyake na zamu ingempotea.

Mlichofundishwa shuleni ni kweli kwa maneno mengi, na kina sababu. Waingereza wa kale waliiandika sauti hiyo kwa CW: malkia alikuwa cwen. Wanormani walipoitwaa Uingereza mwaka 1066, waandishi waliozoea Kifaransa na Kilatini wakaleta QU, na cwen ikawa QUEEN. Ukoo huo wote una U. Maneno yasiyo na U yaliingia kwa mlango mwingine, kutoka lugha ambazo herufi Q ilitumika kunakili sauti ambayo Kiingereza hakina: qaf ya Kiarabu, qof ya Kiebrania, au ile sauti ya Kichina inayokaribia "ch". Neno la kigeni likishatumiwa kwa Kiingereza kiasi cha kuingizwa kamusini kwa herufi ndogo, ubaoni halidaiwi tena kitambulisho. SAFARI na BWANA yamo pia, na sidhani kama umewahi kuyapinga.

Sasa sikiliza, maana hapa wewe wa Mombasa una mtaji ambao mchezaji wa London hana. Sehemu kubwa ya maneno ya Q bila U yametoka Kiarabu, na Kiswahili kiliyachukua maneno hayo hayo zamani, kikaibadili qaf kuwa K. Kwa hiyo maana unazo tayari; unachokosa ni tahajia. Kadhi ni QADI. Wakfu ni WAQF. Talaka ni TALAQ, nikabu ni NIQAB, kibla ni QIBLA, fakiri ni FAQIR, fikihi ni FIQH. Tarika ya masufi, kama Kadiria au Shadhilia, ni TARIQA. Kasida ni QASIDA. Hata ile kanuni inayopigwa katika taarabu imo, QANUN, ingawa hiyo ina U ndani yake, haikai tu ubavuni mwa Q.

Makosa mawili humpata Mswahili anapopita njia hii, na yote yanatokana na masikio yetu. La kwanza ni irabu ya mwisho. Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti, kwa hiyo tuliongeza U au I pale ambapo Kiarabu hakikuwa nayo, na Kiingereza hakikuiongeza. Ukiandika WAQFU, NIQABU, FIQHI au FAQIRI utapingwa na utaondoa vigae. Irabu hubaki tu pale ilipokuwamo tangu mwanzo, kama QADI, QIBLA, TARIQA na QASIDA. Talaka ndiyo inayowanasa wengi: kwa Kiingereza inakatika kwenye Q yenyewe. Kosa la pili ni kuandika kama tunavyotamka. Kadhi ina DH kwetu, lakini Kiingereza kina D peke yake. QADHI haimo.

Tena usidhani kila K yetu ni Q. Kitabu na karama zina kaf ya kawaida, si qaf, na aliyepita chuoni kusoma Kurani anasikia tofauti hiyo bila kufikiri. Na hata penye qaf ya kweli, si kila neno limevuka. Wakati na akili zote zina qaf katika asili yake, lakini WAQT na AQL hayamo katika orodha. Njia hii ya kupitia Kiswahili ni ya kukumbukia neno ulilokwisha kulithibitisha. Usiitumie kubuni neno ubaoni.

Kuhusu maana, zinakaribiana na zetu bila kulingana kabisa, na ni vizuri kujua zinapotengana, hasa kama utayatumia nje ya mchezo. WAQF kwa Kiingereza ni mali iliyotolewa kwa ajili ya kheri chini ya sheria ya Kiislamu. Ile maana yetu ya pili, ya kumweka askofu au kanisa wakfu, haimo. TALAQ ni ile inayotamkwa na mume kwa sheria ya Kiislamu. Talaka ya mahakama ya kawaida Waingereza wana neno lao lingine. FAQIR si maskini yeyote kama fakiri wetu, ni mcha Mungu, Mwislamu au hata Mhindu, aliyeuacha ulimwengu na kuishi kwa sadaka. QADI ni kadhi yule yule anayetajwa katika Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya. Usimchanganye na QAID, ambaye ni chifu au mtawala wa eneo huko Afrika Kaskazini na hana uhusiano na ukaidi wa mtu yeyote. NIQAB inafunika uso na kuacha macho. BURQA inafunika mwili mzima, na macho yanatazama kupitia wavu.

Halafu kuna QAT. Hii ni miraa ya Meru, ambayo Tanzania huiita mirungi na kuipiga marufuku kama dawa ya kulevya. Uingereza nayo iliipiga marufuku Juni 2014, lakini ubaoni haijakatazwa na yeyote.

Pamoja na hayo yote, ukiniuliza neno moja la kujifunza leo, si la Kiarabu. Ni QI, la Kichina, lenye maana ya nguvu ya uhai inayoaminika kupita mwilini. Hutamkwa "chi". Wingi wake ni QIS. Sababu ya kulitanguliza ni hesabu: katika vigae 100 vya Scrabble ya Kiingereza U ziko 4 tu, na I ziko 9. Anayengoja U anangoja kitu adimu, na I pengine anayo mkononi au imelala ubaoni mbele yake.

QI ndilo neno pekee la herufi mbili lenye Q. Hilo ni faida, na pia ni mtego. Maana yake Q yako ikigusana na herufi nyingine yoyote na kufanya jozi, jozi hiyo lazima iwe QI, na Q lazima itangulie, kushoto au juu. Wengi huona I nzuri, wanaweka Q kabla yake, wanasahau kwamba juu ya Q kuna E ya neno lingine. Hapo umeandika EQ kwenda chini, na zamu imekwenda. Kabla ya kukiachia kigae, tazama visanduku vyote vinavyoizunguka Q.

Mahali pazuri pa kutafuta ni neno linaloishia na I lililoandikwa kwenda chini. Tuseme TAXI imesimama ubaoni na I yake iko chini kabisa. Weka Q kushoto kwa I hiyo, kisha I yako mwenyewe chini ya Q. Kwa vigae viwili umeandika QI mara mbili, moja ya kulala na moja ya kusimama. Kisanduku cha kushoto kwa X, cha kushoto kwa Q, cha kulia kwa I ya TAXI, na vile vinavyozunguka I yako viwe vitupu. Bila kisanduku chochote cha rangi cha kuzidisha, hiyo ni pointi 22. Q ikiangukia kisanduku cha kuzidisha herufi mara mbili, kila QI inakuwa 21, jumla 42. Ikiangukia cha mara tatu, kila moja ni 31, jumla 62. Sijui hatua nyingine ya vigae viwili inayolipa vizuri namna hiyo kwa kazi ndogo kama hiyo.

Baada ya QI, jifunze mahali Q inapobandikwa kwenye neno lililokwisha kuandikwa. AT inakuwa QAT. IS inakuwa QIS. AID inakuwa QAID. Na kwa nyuma, TALA, ambayo ni sarafu ya Samoa na inakubalika, inakuwa TALAQ. Unapobandika Q mbele ya AT, ukiweza kuweka I chini ya Q na kisanduku kilicho chini ya A ni kitupu, unapata QAT ya 12 na QI ya 11 kwa pamoja, yaani 23. Maneno mengi ya kundi hili huongezwa S bila shida: QATS, QADIS, QAIDS, FAQIRS, NIQABS, TALAQS, QIBLAS.

Yaliyobaki nitayapita haraka. TRANQ ni ufupisho wa Kiingereza chenyewe, dawa ya kutuliza. QOPH ni herufi ya Kiebrania, SHEQEL ni fedha ya Israeli. QANAT ni mfereji wa chini ya ardhi wa kuleta maji, maarufu Iran. QWERTY ni mpangilio wa kibodi uliotokana na mashine za kuandikia za miaka ya 1870. Herufi hizo sita ziko mstari wa juu wa simu yako, kwa hiyo huwezi kuisahau. SUQ ni soko la Waarabu, na U yake inatangulia Q. CINQ ni tano ya dadu au karata. MBAQANGA ni muziki wa Afrika Kusini, herufi nane, utaliandika labda mara moja maishani. QAIMAQAM achana nalo: lina Q mbili na mfuko una moja, kwa hiyo linahitaji pia kigae kitupu, kile kinachoweza kuwa herufi yoyote.

Na ukiwa na K badala ya Q, mengi yana ndugu: KADI na CADI kwa QADI, KAID kwa QAID, FAKIR kwa FAQIR, KAT na KHAT kwa QAT. Kuna hata KAZI, ambayo hapo haina uhusiano na ajira. Ni kadhi kwa tahajia nyingine.

Sasa swali lako la kuirudisha Q. Ndiyo, kuna wakati ni afadhali, na kosa lako la sasa ni kungoja mno. Q iliyokaa kibaoni haikukati pointi 10 za mwisho tu. Kwanza, kwa kuwa mwenzako anaongezewa hizo hizo, pengo ni 20. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, muda wote huo unacheza kwa vigae sita. Ile zawadi ya pointi 50 ya kutumia vigae vyote saba kwa pamoja karibu unaiaga, kwani maneno ya herufi saba au nane yenye Q bila U ni machache na magumu.

Kila zamu jiulize kwa mpangilio huu. Je, kuna pa kuweka QI, QAT au QAID sasa hivi? Kama pako, weka, hata kwa pointi 15. Usiihifadhi Q ukiota kisanduku chekundu. Kama hapako, je, hatua yako bora isiyo na Q inaleta pointi 25 au zaidi? Icheze, ukibaki na I kama unaweza. Kama nayo ni dhaifu, chini ya 15 hivi, na mkononi huna U wala I, badilisha: rudisha Q pamoja na vigae vingine vinavyokwamisha, kama V au irabu iliyojirudia mara tatu, ubaki na vile vinavyoshirikiana vizuri. Mimi simshauri mtu apitishe zamu mbili na Q isiyo na tumaini. Kumbuka tu kwamba kubadilisha kunaruhusiwa mfuko ukiwa na vigae 7 au zaidi. Vikipungua hapo, Q ni yako hadi mwisho, kwa hiyo fanya uamuzi mapema.

Kigae kitupu usikifanye U ili tu uondokane na Q, isipokuwa neno linaleta pointi 40 kwenda juu au mchezo unakaribia kwisha. Kigae hicho ndicho kinachokupatia zile 50. Kuishika U zamu baada ya zamu ukiingoja Q ambayo hujaiona ni ubaya wa aina hiyo hiyo.

Pia hesabu. Andika pembeni U nne, vigae vitupu viwili na I tisa, ukate kila vinapotokea. U zote nne zikishaonekana, ujue Q haina tena njia ila ya maneno haya au kigae kitupu. Na kama mfuko umekwisha na Q hujaiona, iko kwa mpinzani. Hapo kazi yako inageuka: ziba kila I iliyo wazi, na AT na AID zisizo na kitu mbele yake, hata kwa hatua ya pointi chache, mradi usimpe nafasi nyingine.

Kuhusu kukariri, orodha yako ilipotea kwa sababu uliisoma ikiwa imeandikwa sawasawa, na kibaoni vigae havikai sawasawa. Tengeneza kadi. Mbele andika herufi za neno kwa mpangilio wa alfabeti, nyuma andika neno, maana yake kwa Kiswahili, na herufi linazobandikwa. ABINQ ni NIQAB. AFIQR ni FAQIR. AALQT ni TALAQ. ABILQ ni QIBLA. ANQRT ni TRANQ. AFQW ni WAQF, FHIQ ni FIQH. ADIQ ina majibu mawili, QADI na QAID, na kadi haihesabiwi kuwa imejibiwa mpaka uyataje yote. Anza na 12: QI, QAT, QADI, QAID, WAQF, FIQH, FAQIR, NIQAB, TALAQ, QIBLA, TRANQ, QOPH. Zipitie siku ya kwanza, ya 3, ya 7 na ya 14. Uliyokosea irudishe mwanzo wa mzunguko, usiiache iendelee na zingine. Fungu la pili, yaani QANAT, TARIQA, QASIDA, SHEQEL, QWERTY, SUQ, BURQA na CINQ, lifungue baada ya hapo, si kabla.

Jaribu kuandika kwa mkono, maana mkono wa Kiingereza una mazoea ya kuchomeka U. Nimeona NIQUAB na BURQUA zikiandikwa na watu wanaoyajua maneno hayo vizuri kabisa.

Mwisho, kabla ya mchezo wa Ijumaa kubalianeni ni orodha gani. Yote niliyoyataja kuwa yanakubalika yamo katika ile ya Collins, inayotumika pia katika mashindano ya dunia. Marekani na Kanada wana orodha yao, fupi zaidi. Hata QI waliikubali mwaka 2006 tu. Programu nyingine za simu hufungua orodha ya Marekani bila kukuambia, na hapo mtu anaweza kuweka neno halali likakataliwa. Na ile adhabu ya pointi 5 kwa kupinga ovyo, iacheni ilivyo. Ni ndogo kiasi kwamba IRAQ inayofuata itapingwa.

Mshauri